Mvua Ilikuwa Haijaanza

2 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na geto letu hapa Bangwe limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kitanda changu. Leodgar amecheka mpaka akakaa chini, halafu yeye mwenyewe akapanda juu ya bati na kipande cha mfuko wa saruji na jiwe la kukandamizia. Ndivyo alivyo. Anakucheka kwanza, anakusaidia baadaye. Huu ni mwaka wa pili tunaishi chumba kimoja, tunasoma chuo kimoja cha ualimu, tunakula sufuria moja. Nilipoumwa malaria ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani, na mama yake, Mama Veneranda anayeuza dagaa Katonga, alinipikia uji siku zote nilizolazwa. Kwetu Kasulu ni mbali. Hapa mjini mama yangu ni huyo.

Nitaandika shajara hii mpaka mvua ziishe. Mkufunzi wetu anasema mwalimu asiyeandika siku zake hawezi kujua anakokosea.

5 Novemba

Tumepangiwa shule za mazoezi ya kufundisha, tunaanza Januari. Mimi nimepata shule ya msingi huko Ujiji. Leodgar amepangwa shule moja ya hapa mjini pamoja na Yasmini. Yasmini ni binti wa Mzee Mwinshehe, fundi cherehani wa Ujiji. Darasani anakaa mbele na anaandika kila kitu. Leodgar anasema amepata bahati, atanakili maandalio yote ya masomo kwake. Ninavyomjua, anataka zaidi ya maandalio.

9 Novemba

Yasmini alikuja jioni kuchora chati za kufundishia na Leodgar. Nikawapisha, nikaenda kwa muuza chipsi wa njiapanda. Mvua ilikuwa kubwa. Niliporudi alikuwa ameshaondoka. Nimelala.

10 Novemba

Leodgar hakwenda kanisani. Amefua shuka, na jua halikutoka.

12 Novemba

Yasmini hakuja darasani, wala jana hakuja. Mvua.

13 Novemba

Polisi wamemchukua Leodgar leo katikati ya kipindi. Askari wawili walisimama mlangoni, mkufunzi akatoka, akarudi, akataja jina lake. Leodgar akainuka huku anatabasamu kama mtu aliyeitwa kupokea kifurushi. Alipopita kwenye dawati langu akaninong'oneza, "Waambie sisi ni wapenzi. Wewe unajua."

Mimi sijui hivyo. Hawakuwa wapenzi.

Mchana nami nikaitwa kituoni. Aliyenihoji ni mpelelezi mwanamke, mpole, anaandika polepole. Yasmini amesema Leodgar alimbaka mle chumbani kwetu. Nikaulizwa nilikuwa wapi. Nikasema kwa muuza chipsi.

"Hukurudi chumbani kabla binti hajaondoka?"

"Hapana, afande."

"Binti anasema kuna mtu alifika mlangoni."

"Labda jirani. Sikusikia kitu. Mvua ilikuwa kubwa."

Akaandika: mvua ilikuwa kubwa. Nikatia sahihi.

14 Novemba

Nimejaribu kusoma, imeshindikana. Naandika ilivyokuwa.

Tarehe tisa Leodgar alinikonyeza, nikatoka. Sikuwa nimefika mbali nilipoona wingu zito linakuja kutoka upande wa ziwa, nikarudi kuchukua koti. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kufungua mlango nikamsikia Yasmini. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayejitahidi asimkasirishe mwenzake: "Leodgar, niache. Nimesema sitaki." Kisha meza ikasogea. Kisha, "Sitaki. Tafadhali." Alikuwa analia.

Nilisimama. Kichwani nilikuwa na maneno mengi. Kwamba ni mambo yao. Kwamba wasichana husema hivyo. Kwamba nikifungua nikawakuta wanataniana, Leodgar atanicheka mwaka mzima. Nikaondoka bila koti.

Nilikula chipsi. Nakumbuka niliomba waniongezee pilipili. Nilikuwa nimeshamaliza nusu ya sahani ndipo mvua ikaanza.

Mvua ilikuwa haijaanza. Nilipokuwa mlangoni hapakuwa na sauti nyingine yoyote duniani isipokuwa yake.

20 Novemba

Mvua. Nimekwenda darasani, nimerudi.

28 Novemba

Leodgar ametoka kwa dhamana. Ameambiwa aishi kwa mama yake Katonga, lakini chuo kinasema mpaka mahakama iamue yeye ni mwanafunzi kama wengine. Leo aliingia darasani na baadhi ya vijana wakampigia makofi. Kiti cha mbele cha Yasmini kiko wazi. Mtu ameweka mkoba wake pale.

3 Desemba

Kwenye kundi la simu la darasa wanaandika kwamba Yasmini alitaka kuolewa akakataliwa. Wengine wanauliza, msichana wa Kiislamu alifuata nini geto la wavulana. Alifuata chati. Nilikuwepo, rangi zilikuwa mezani. Niliandika jibu hilo, nikalisoma, nikalifuta.

25 Desemba

Nimekula Krismasi Katonga. Mama Veneranda alipika wali na migebuka ya kukaanga, akatupakulia sawa, mimi na Leodgar, kama kawaida. Baadaye Leodgar alikwenda mwaloni kuwasaidia watu kuvuta mtumbwi, naye mama akakaa karibu yangu akiwa ameshika rozari, ila hasali.

"Wakili ameniambia," alisema. "Akipatikana na hatia ni miaka thelathini. Nikamwuliza, haipungui? Akasema haipungui, hakimu hata akilia haipungui. Mimi nina miaka hamsini na tisa, mwana wanje. Unajua maana yake."

Akisema "mwana wanje", mtoto wangu, kwa Kiha hivyo, ni kama nyumbani.

"Najua, mama."

"Wakili anasema ni neno la binti na neno la Leodgar. Hakuna mtu wa tatu. Wewe ulisema hukusikia."

"Ndiyo."

"Mvua ilikuwa kubwa."

"Ndiyo, mama."

Alinitazama muda mrefu. Sijui alitafuta nini. Mwanawe amemwambia walikubaliana, na yeye amemwamini kwa sababu ni mwanawe. Akaniongezea samaki. Nikala.

31 Desemba

Mvua usiku kucha. Mwaka umeisha.

13 Januari

Nimeanza mazoezi Ujiji. Nimepewa darasa la tatu. Mwalimu mlezi wangu anaitwa Marsiana, ana sauti ndogo na hasahau kitu. Watoto wamenipokea kwa wimbo. Ni siku ya kwanza kwa muda mrefu ambayo sikuwaza.

16 Januari

Barabara imejaa tope. Nimefika nimechelewa, watoto wakanicheka viatu.

21 Januari

Mwalimu Marsiana amenipa kipindi cha usalama wa mwili. "Wafundishe kuomba ruhusa," alisema, "na kukubali wakinyimwa. La pili ndilo gumu."

Nikabuni mchezo. Wawili wawili wanasimama mbele. Mmoja anasema, "Naomba nikushike mkono." Mwenzake anajibu anavyotaka. Akikataa, mwombaji anasema "Sawa" na kurudi kwenye kiti. Walifurahi. Ikafika zamu ya Kalisti, mchekeshaji wa darasa, na Elida, mtoto mdogo mkimya. Kalisti akaomba. Elida akasema, "Sitaki." Kalisti akasema "Sawa!" kwa sauti kubwa, halafu akamdaka mkono, akauinua juu kama refa anavyomtangaza bondia aliyeshinda. Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Na mimi nikacheka.

Elida alijinasua, akapangusa mkono kwenye sketi, akaenda kukaa.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Marsiana aliniambia, "Mwalimu Elikana, ulicheka."

"Ilichekesha, mwalimu."

"Ndiyo. Ilimchekesha kila mtu ila mmoja. Kesho rudia kipindi, na uanze na wewe."

22 Januari

Nilimwomba Elida radhi mbele ya darasa. Kalisti naye akaomba, safari hii bila mzaha, maana aliona nami sina mzaha. Kisha nikauliza, kama nilivyoandika kwenye andalio: "Elida, jana nani alikukosea?"

Akamnyooshea kidole Kalisti. Nilitaka kuendelea, lakini kidole hakikushuka. Alifikiri kidogo, akakipitisha polepole kwa wenzake, dawati kwa dawati, wote waliocheka, mpaka kikafika kwangu.

"Na nyie," alisema. "Mliona."

Nikageukia ubao nikaandika tarehe. Tarehe ilikuwa imeshaandikwa.

2 Februari

Jua la siku moja, kisha mvua tena. Wanafunzi wa chuo wamesambaza taarifa kwamba kesi itaanza kusikilizwa Machi. Leodgar ananitumia ujumbe kila siku: vipi kaka. Namjibu: poa.

11 Februari

Leo baada ya vipindi miguu yangu ilinipeleka kwa Mzee Mwinshehe. Nilikuwa nimeshapita mtaa ule mara kadhaa nikageuka. Mzee yuko barazani na cherehani yake, anashona sare za shule. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika marahaba bila kuacha kukanyaga cherehani. Nikajitaja jina. Mguu ukasimama.

"Wewe ndiye unayekaa naye."

"Nilikuwa nakaa naye, mzee."

Hakuniambia niketi. Akamwita Yasmini, akabaki palepale, mkono juu ya gurudumu la cherehani.

Yasmini amekonda. Alisimama mlangoni, ndani kidogo, mimi nje. Nikaanza kusema pole. Akanikatiza.

"Niliona miguu yako."

Sikuelewa.

"Mlango wenu una upenyo chini. Niliona miguu yako na zile ndala zako za njano. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, Elikana amerudi." Alisema bila kupandisha sauti. "Nikangoja ufungue. Halafu ndala zikaondoka."

Mzee Mwinshehe aliinamisha kichwa juu ya kitambaa.

"Nilimwambia afande. Akaniambia umekana, kwamba ulikuwa kwa muuza chipsi na mvua ilikuwa kubwa. Nikajiuliza labda nimepata wazimu. Nikajiuliza labda kweli mvua ilikuwepo."

"Haikuwepo," nilisema.

"Najua."

Kisha nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema. Nikasema, "Yasmini, ni miaka thelathini."

Akatoka nje ya mlango, akanisogelea kwa mara ya kwanza.

"Kila anayekuja hapa anataja thelathini. Wazee wa kwao walikuja kutaka tuyamalize kifamilia: thelathini. Shangazi yangu mwenyewe: thelathini, mwanangu, mhurumie mama yake. Hakuna aliyeniuliza nalala vipi. Mimi niliandika hiyo sheria? Mimi nilikwenda polisi kusema kilichotokea, basi. Wakiona ni mingi wakaongee na walioiweka. Kama ingekuwa miaka mitano, wewe ungesema ukweli?"

"Ningesema."

"Kumbe mimi nina bei. Kwa mitano unaninunua, kwa thelathini umeniona ghali."

Mzee Mwinshehe akasema kwa upole, "Yasmini, ingia ndani, mama." Akaingia. Kisha mzee akaniambia, bila chuki, jambo ambalo lingekuwa rahisi kulibeba kama lingekuwa na chuki: "Kijana, nina kazi."

12 Februari

Nimetupa zile ndala. Najua haisaidii kitu.

23 Februari

Leodgar alikuja getoni mchana. Alileta dagaa kutoka kwa mama. Tukakaa kila mtu kwenye kitanda chake kama zamani, nikamwambia nafikiria kubadilisha maelezo yangu polisi. Nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Alilia. Sijawahi kumwona analia.

"Mimi si jambazi, Elikana. Sikuwa na kisu. Kuna watu wanavamia wanawake njiani na mapanga, wanabaka watoto wadogo, na mimi nihesabiwe nao? Miaka thelathini? Nifungwe mwaka mmoja, miwili, nitakwenda. Nitaomba msamaha. Lakini thelathini ni kunizika."

Na hapo nilimwonea huruma kweli, na bado namwonea. Nikamwuliza, "Ulimsikia alivyosema hataki?"

Akaanza kuufungua mfuko wa dagaa.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia." Akajifuta uso kwa fulana. "Lakini wasichana husema hivyo. Hata wewe ulijua hivyo."

"Mimi?"

"Nilisikia ndala zako, kaka. Nilikusikia umesimama. Nikaogopa, nikasema sasa ataingia. Kidogo niache. Halafu ukaondoka." Alinitazama kama anayenikumbusha wema wangu. "Nikasema, basi, kama ningekuwa nakosea Elikana angegonga."

Hakukaa sana baada ya hapo. Dagaa wako kwenye kona, sijawagusa.

24 Februari

Sikwenda shule. Nimemdanganya Mwalimu Marsiana kwamba naumwa.

Nilikuwa nimejihesabia kosa la mtu aliyekaa kimya. Sikujua kwamba kimya changu kilikuwa na maneno. Yasmini alisikia "hakuna msaada" na Leodgar alisikia "endelea". Wote wawili walinielewa vizuri.

26 Februari

Nimekwenda kituoni. Afande yuleyule. Nilipomweleza aliweka kalamu chini.

"Unajua kwamba maelezo ya kwanza ulitia sahihi kuwa ni kweli?"

"Najua."

"Wakili wa utetezi atakurarua. Na wewe mwenyewe unaweza kushtakiwa kwa kudanganya."

"Sawa, afande."

"Kwa nini sasa?"

Nilitafuta jibu zuri. Nikasema, "Kwa sababu mvua ilikuwa haijaanza."

Akachukua karatasi mpya.

9 Machi

Mama Veneranda amejua. Nilikwenda Katonga mwenyewe ili asisikie kwa watu. Alikuwa anaanua dagaa mbio mbio, wingu likiwa juu. Nikamsaidia kukunja turubai huku namwambia. Alipoelewa aliachia upande wake, dagaa wakamwagika mchangani.

"Utakwenda kusema ulisikia."

"Nilisikia, mama."

"Uliniambia hukusikia. Krismasi, hapa hapa, ulikula ukaniambia hukusikia."

"Nilikudanganya."

"Basi leo ndiyo unadanganya." Akapiga magoti kuokota dagaa, mmoja mmoja, na mvua imeshaanza. Nilipoinama kumsaidia akanisukuma mkono. "Nilikupa uji kwa mkono huu, Elikana."

Ameniita kwa jina. Hajawahi.

18 Machi

Mahakamani. Kesi za namna hii zinasikilizwa faragha, kwa hiyo ndugu wote walibaki nje, na Mama Veneranda alikaa kwenye benchi la korido na rozari yake. Nilipopita alitazama ukuta.

Ndani tulikuwa wachache: hakimu, karani, wakili wa Serikali, wakili wa Leodgar, na Leodgar kizimbani akiwa na shati jeupe nililomwazima mwaka jana. Nikaapa. Nikasema yote. Niliposema "Sitaki, tafadhali" hakimu akaniambia ninywe maji.

Wakili wa utetezi hakunirarua kwa kelele. Aliuliza taratibu.

"Shahidi, polisi ulisema hukurudi. Ulikuwa unasema uongo?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wewe ni mwongo."

"Nilisema uongo."

"Na kama ulisikia mwanamke anabakwa, ukaondoka ukaenda kula, hiyo inaingia akilini? Binadamu wa kawaida anaweza kufanya hivyo?"

Nilimtazama. Alidhani swali hilo litaniokoa, nitasema hapana, haiwezekani.

"Nilifanya," nilisema.

Leodgar aliinamisha kichwa.

25 Machi

Nimemaliza mazoezi. Kalisti amenipa embe. Aliliweka mezani halafu akauliza, "Naomba nikushike mkono, mwalimu?" Nikasema ndiyo. Mwalimu Marsiana amenipa alama nzuri kuliko ninavyostahili, na nilipomwambia hivyo alisema, "Alama ni za kazi ya darasani. Hayo mengine mimi si msahihishaji wake." Anajua. Mji mzima unajua. Vijana wa chuo wananiita msaliti, na wengine, wasichana wawili watatu, wamenipa mkono kunishukuru. Sijui kipi ni kizito zaidi kukipokea.

4 Aprili

Mvua, mvua. Bati linavuja. Hakuna wa kupanda juu.

17 Aprili

Hukumu imesomwa. Ana hatia.

Wakili wake aliomba huruma: umri miaka ishirini na mbili, kosa la kwanza, mama mjane mwenye mtoto mmoja. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Alisema mahakama imeyasikia hayo na isingeyapuuza kama ingekuwa na nafasi, lakini kwa kosa hili sheria haijampa nafasi. Akavaa miwani, akasoma. Kifungo cha miaka thelathini jela. Ana haki ya kukata rufaa.

Mama Veneranda, pale korido, hakupiga kelele habari ilipomfikia. Aliniangukia, kwa bahati mbaya tu, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu, na nilipomdaka aliona ni mimi, akajivuta akaangukia benchi.

Nilitaka Leodgar aadhibiwe. Nilikwenda pale nikitaka hivyo na bado nataka. Lakini namba ile ninaigeuza kichwani na haikai sawa. Mtu anayevizia wanawake njiani kwa panga na Leodgar wanapewa karibu kipimo kimoja. Sijui kama sheria imewaangalia wote wawili au haijamwangalia yeyote. Na najua nikiwaza hivi sana, namrudisha Yasmini kwenye mzani uleule alioukataa.

2 Mei

Yasmini amerudi chuoni. Atarudia muhula wote alioukosa. Nilimkuta kwenye ngazi za maktaba, nikasimama. Alisema kabla sijafungua mdomo:

"Ulisema. Nimesikia. Lakini usinitafute ili nikwambie umefanya vizuri, Elikana. Siwezi hiyo kazi."

"Sawa," nilisema, nikampisha njia.

19 Mei

Mvua zimekata. Ziwa limetulia, milima ya Kongo inaonekana.

24 Mei

Mama Veneranda alikuja getoni asubuhi, mara ya kwanza tangu Machi. Hakuingia. "Anataka kukuona," alisema. "Mimi sitaki, ila yeye anataka. Twende." Tukaenda gerezani, yeye mbele, mimi nyuma.

Yeye aliingia kwanza. Kisha zamu yangu. Leodgar amenyolewa, anaonekana mdogo. Aliniuliza habari za chuo, nani amefaulu. Halafu akasema haraka, kwa sababu muda ni mfupi:

"Sijakuita nikulaumu. Ninalala nawaza kitu kimoja. Ungegonga ningeacha. Haki ya Mungu, Elikana, ungegonga tu ningeacha."

Nilikuwa nimeandaa moyo kwa matusi, si kwa hilo. Nikamwambia, "Yeye alikuambia uache. Alikuwa humo ndani na wewe, alikuambia zaidi ya mara moja. Kwa nini ulingoja mlango?"

Akafunika uso kwa mikono, na kutoka ndani ya mikono akasema, "Sijui. Nilimsikia, nikaona si kitu." Askari akasema muda umekwisha.

Nje, Mama Veneranda alikuwa amekaa juu ya jiwe. "Amekuambia nini?"

Nikakumbuka kwamba yeye hakuwahi kuingia mahakamani. Amekaa korido tu, tangu Novemba ameambiwa na mwanawe kwamba walikubaliana, na ushahidi wote umepita nyuma ya mlango. Ningeweza kusema amekusalimu. Nilimwambia yote, tangu nilipofuata koti mpaka maneno ya Leodgar ya dakika ile.

Hakukatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Alilia, huyo binti?"

"Alilia, mama."

"Na Leodgar amekuambia kwa mdomo wake kwamba alimsikia."

"Kwa mdomo wake."

Alikaa hivyo, kanga mapajani. Malori yalipita yakatupaka vumbi, vumbi la kwanza la kiangazi.

"Nilimfundisha kusali," alisema hatimaye. "Nilimfundisha kuvua, kupika, kuwaamkia watu. Nilimfundisha asiibe hata dagaa mmoja wa mtu. Hilo la kusikia "sitaki" sikumfundisha. Hata siku moja sikumkalisha nikamwambia. Nilidhani mtu huzaliwa nalo."

Nilitaka kumwambia si kosa lake, mama. Maneno yalifika mdomoni nikayameza, kwa kuwa ni yaleyale ambayo nimekuwa nikizunguka mji huu mzima nikitafuta mtu wa kuniambia mimi. Nikamshika kiwiko akainuka, tukashuka Katonga kwa miguu.